Kinu cha Mama Deo

Consolata alinipigia simu nikiwa natoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, na mashine yangu ina makelele kama inasaga mawe, kwa hiyo sentensi yake ya kwanza sikuisikia. Nikamwambia ngoja, nikazima mashine, mteja akaninunia, nikatoka nje kibarazani. "Sema tena, Consolata." Akasema tena. "Deo hatunaye, Editha. Tumemzika juzi." Alisema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha sokoni, ingawa Kirundi chake na Kihangaza changu vinasikilizana bila shida. Nadhani aliona habari ya namna hiyo inatoka kwa urahisi kidogo kwa lugha ambayo si ya mama yake. Nikamwuliza kaka yake alikuwa anaumwa nini. Kifua, akasema, vumbi la matofali, amekohoa mwaka mzima. Halafu akaniomba kitu. Mama yao amezeeka, anasahau, nyuso za watu zimempotea, lakini sauti bado anazishika, na kila asubuhi anauliza Deo yuko wapi. "Wewe si ulikuwa na mashine ya kurekodi?" Consolata akasema. "Mlijifungia humo ndani mwaka mzima na mashine. Huna sauti yake? Hata akicheka tu, Editha. Hata akikohoa. Nimsikilizishe Mama." Nikamjibu nitatafuta. Nikarudi ndani, nikamalizia vyeti vya yule mteja, karatasi zikaingia upande. Nilikuwa najua tayari kwamba sina.

Mwaka wenyewe ni ule wa mwisho wa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Mashirika yalikuwa yanaondoka moja moja, yanafunga ofisi, yanauza kwa mnada meza, majenereta, vitanda vya zahanati, hata milango. Mimi nilikuwa Nyakahura, barabarani, kwa Mama Kulwa, mjane wa Kisukuma aliyekuwa na duka la soda na kuchaji simu, na kwenye mnada mmojawapo alirudi na kompyuta kwenye toroli kama mtu aliyenunua ndama. Aliniajiri niwe nachapa barua za watu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka: dirisha dogo la mbao, kreti za soda mpaka usawa wa kichwa, gunia la chumvi ya ng'ombe pembeni, na ukutani kalenda ya miaka iliyopita ambayo hakuna aliyethubutu kuitoa kwa sababu ilikuwa na picha ya Mama Maria. Jenereta lilikuwa uani na moshi wake ulituingilia. Kulikuwa na harufu ya petroli na ya samaki wakavu wa jirani, na mpaka leo nikipita dukani nikakutana na harufu hizo mbili pamoja lazima nisimame kwanza.

Deo aliifuata kompyuta. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa; hakuja kutafuta kazi wala kutafuta mtu. Kambini kulikuwa na kituo cha vijana, walifundishwa kompyuta pale, na yeye alikuwa ametengeneza humo muziki wake akauhifadhi. Shirika lilipofunga, mashine ikauzwa na muziki wake ndani. Akaulizauliza imenunuliwa na nani, akapita porini na baiskeli ya kuazima, akaja kusimama kwenye mlango wa Mama Kulwa, kijana mrefu mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, anaitazama ile kompyuta kama mtu aliyekuja kumwona ng'ombe wake kwenye zizi la mwingine. Mama Kulwa akamwuliza shida yako nini. Kimya. Akamwuliza tena. Deo akaonyesha mashine kwa kidole, akajigusa kifua. "Maskini," akasema Mama Kulwa, "ni bubu huyu. Editha, mpe maji." Akaenda zake kwa wateja. Kijana akanywa maji, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba, akafungua mafaili ambayo mimi sikujua kama yamo, na spika ndogo zile zikaanza kugonga. Mungu wangu. Ilikuwa ni biti, yaani muziki mtupu, ngoma na besi za mtu kurapia juu yake, bila neno hata moja, na katikati kulikuwa na sauti kama mtu anatembea kwenye nyumba isiyo na watu. Nilimwambia, "Hii umeifanya wewe?" Akachungulia mlangoni kama Mama Kulwa yuko mbali, akanijibu polepole, "Ni mimi. Lakini usiseme kama nasema."

Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na Mrundi hana haja ya kuonyesha karatasi ili ajulikane. Akifungua mdomo tu, basi. Hata sisi Wahangaza ambao lugha zetu ni ndugu tunamjua kabla hajamaliza salamu. Kwa hiyo Nyakahura nzima ilimjua Deo kama bubu, na ububu ule Mama Kulwa ndiye aliyempa, sisi tuliuacha tu ulivyo. Watu walimhurumia. Wamama wa ndizi walimwekea kitu mkononi akipita, na walisema mbele yake mambo ambayo watu hawasemi mbele ya watu. Siku moja wanaume wawili walikaa dukani wanakunywa soda na kulalamika kwamba wakimbizi wamemaliza kuni zote, wamemaliza wanyama, sasa wanaiba hata mihogo shambani, warudi kwao tupumzike. Na mmoja wao akageuka akampa Deo nusu ya soda yake. "Kunywa, bubu." Deo akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akainamisha kichwa kushukuru. Mimi nilikuwa nachapa barua nikakosea mstari mzima. Walipoondoka nikamwuliza, unamezaje soda ile? Akacheka. "Soda ina kosa gani?"

Tulifanya kazi mchana wateja wakipungua, kabla Mama Kulwa hajapiga kelele kwamba petroli inaisha. Sikuwa najua chochote, lakini nilikuwa na masikio, na yeye alisema masikio ndiyo yanayotakiwa, vidole vitafuata. Akanifundisha. Yeye alishika ngoma, mimi besi na zile sauti ndogondogo za juu. Tulikula mlemle ndani, uji wa Mama Kulwa asubuhi, viazi vya kuchemsha mchana, sahani juu ya kreti. Watu walisema tunapendana. Tulipendana, ndiyo, ila si kwa namna waliyotaka wao, na nikijaribu kueleza mpaka leo mume wangu anakohoa na kubadilisha mazungumzo. Vijana wa pale walikuja wanataka kurapu kuhusu magari na miji ambayo hawajafika, tukawakatalia. Deo alikuwa na sheria moja tu katika muziki: mdomo usiingie. Maneno yanamkamatisha mtu, alisema, ngoma haikamatwi na askari. Kila tulichorekodi alikisafisha, akakata pumzi, kikohozi, hata mtu akisema "tayari?" mwanzoni, alikata na kufuta kabisa ili nafasi isijae. Alikuwa na bidii kwenye kufuta kuliko kwenye kupiga. Nilikuwa namtania, wewe ungekuwa fundi cherehani watu wangevaa vipande.

Biti yetu kubwa ilitoka kwenye kinu cha mama yake. Kinu chenyewe kilikuwa kimepasuka ubavuni na Mama Deo alikuwa amekifunga kwa waya, kwa hiyo mchi ukishuka kilitoa sauti mbili: kwanza nzito ya chini, halafu waya unalia kidogo nyuma yake. Deo alikulia na sauti ile na siku moja akasema kwa ghafla, akiwa anakula kiazi, "Editha, sisi ni wajinga. Ngoma tunayo nyumbani." Tukaazima redio kaseti ya betri, tukaenda kambini, mimi nimebeba dumu la mafuta ya taa kama mtu aliyekuja kuuza. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na juu karatasi ya plastiki, wao waliita shitingi, na ndani mlikuwa na ubaridi mzuri na mkeka uliofagiliwa. Nikampa mama yake shikamoo. "Marahaba, mwana wanje," akanijibu, mwanangu maana yake, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. Deo akamwomba atwange majani ya muhogo huku amefunga mdomo. "Nitwange nimefunga mdomo? Mimi mugonjwa?" Alikuwa anaimba akitwanga, miaka yote. Akajaribu kunyamaza, akashindwa, akacheka, Consolata naye akacheka na mtoto mgongoni, na Deo akamwambia, "Mama, tena, tena." Yote hayo yaliingia kwenye kaseti. Tulipofika Nyakahura Deo akakaa siku nzima anayatoa, ule wimbo, kile kicheko, ile "Mama, tena," mpaka kikabaki kinu peke yake. Halafu kaseti akaifuta ili tuitumie tena. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni namenya karanga, na niliona ni kazi safi sana.

Tulijiita Kinu na Mchi. Yeye kinu, mimi mchi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na maneno ya kugonga watu. Aliyetupa jina mjini, kama Nyakahura ni mji, ni Spika. Huyu alikuwa Msubi mnene mcheshi, ana pikapu yenye spika za pembe juu ya bodi, anatangaza chochote: mnada wa ng'ombe, mkutano wa injili, dawa ya panya, mtoto aliyepotea. Alikuja kuchaji betri akaisikia ile biti ya kinu, akasimama mlangoni mdomo wazi. "Jamani. Nipeni hiyo. Mimi napiga kelele tangu asubuhi watu hawatoki nje, lakini hiyo, hata marehemu atatoka." Tukampa kwenye kaseti, naye akatupa petroli ya jenereta, tukaona tumeula. Wiki hiyo alikuwa na tangazo la chanjo ya watoto. Akalipitisha Kibimba, akalipitisha Bugarama, akaingia nalo mpaka kambini, na kila mahali kinu kikigonga watoto walikuwa wanatimka nyumba zote, wamama nyuma yao wanafunga khanga wakikimbia. Mama Deo alisimama mlangoni mwake akiwaambia majirani, "Kinu changu hicho. Kinaita watoto wa watu wapone." Hakuna siku nimemwona mtu anajivuna kama yule mama siku ile, na hakuwa na chochote, hata sufuria yake ilikuwa na kiraka.

Baada ya hapo mambo yakawa kama yanafunguka, na hilo ndilo linaloniuma. Redio ya Ngara ikapiga biti yetu katikati ya taarifa ya mazao na matangazo ya vifo. Kisha akapita bwana mmoja, Fidelis, mwenye studio Mwanza, alikuwa anakwenda harusini Ngara gari likapata pancha mbele ya duka letu. Akasikiliza moja, akasikiliza zote, harusi akaisahau. "Nani kafanya?" Nikamwambia mimi na huyu. Akamsemesha Deo, Deo akamtazama tu. "Ni bubu," nikasema. Fidelis akapiga makofi. "Msichana na bubu! Hata wasiposikiliza watanunua." Akasema ana chumba, ana vifaa, anatutaka wote wawili, mmoja mmoja hana kazi naye, na kwamba atarudi njia hii siku ya gulio mwishoni mwa mwezi na gari lake mwenyewe atupakie. Gari binafsi la mtu wa Mwanza, shati la kitambaa, nani angelisimamisha kwenye kizuizi cha barabarani kumkagua bubu kiti cha nyuma? Alipoondoka Deo alifunga mlango wa chumba, akakaa juu ya gunia la chumvi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo nitakaa." Hakusema tutapata hela, hakusema tutakuwa maarufu. Alikuwa amezaliwa kwa watu wanaohama na alikuwa anataka kukaa mahali. Nami nilitaka akae. Kila kitu nilichokitaka mwaka ule kilikuwa ndani ya neno hilo.

Tulikuwa tunakula kwa Mama Deo tangazo lilipokuja. Alikuwa ametupikia isombe, ndiyo kisamvu chao, ameipika vizuri na karanga nilizoleta mimi, na ugali wa muhogo kwenye sinia moja katikati yetu wote wanne. Tukasikia kinu kwa mbali. Watoto wa nyumba za jirani wakachomoka. "Hicho," akasema Mama Deo, anacheka na tonge mkononi, "leo chanjo ya nini tena?" Consolata akamvuta mwanawe, akaanza kumfunga mgongoni ampeleke. Gari likakaribia, biti inagonga vizuri kabisa, besi yangu chini yake, na ndipo akaingia Spika, lakini si kwa sauti yake ya dawa ya panya. Alikuwa anasoma. Wakimbizi wote mnatangaziwa kwamba kambi inafungwa. Kila familia ifunge mizigo yake isubiri malori. Muda hautaongezwa. Akarudia kwa Kirundi kibovu cha kusoma, akarudia kwa Kiswahili, na kinu kinaendelea kugonga chini ya kila neno, na watoto wadogo kule nje walikuwa bado wanacheza kwa sababu ngoma ilikuwa ileile waliyoizoea. Consolata akasimama na nguo ya mgongoni nusu imefungwa. Deo mkono wake ulikuwa bado kwenye sinia. "Wameiweka mdomo," akasema. Mama Deo akainuka, akanawa mikono, akaenda uani akakiinamisha kinu chake mdomo chini, kama alivyofanya, Consolata aliniambia baadaye, siku aliyofiwa na mumewe. Isombe ilibaki. Hakuna aliyeimaliza.

Nilitoka mbio nikamfuata Spika, nimejaa hasira mpaka machozi yananitoka puani. Alikuwa amekwama katikati ya watu. "Spika, wewe ni mtu gani? Biti yetu?" Hakunitazama usoni. "Editha, mimi nasoma nilichopewa. Ningepiga nini? Wakubwa wa kambi wameniambia piga ule muziki unaowatoa nje. Nikija kimya watabaki ndani." Alikuwa anasema kweli, nikapiga teke tairi la gari lake nikaumia kidole. Siku zote zilizofuata alipita nalo asubuhi na jioni. Kufikia mwisho wa wiki watoto waliacha kucheza. Kinu kikianza tu, wamama walikuwa wanaingia ndani kufunga vitu, na mtu mzima mmoja jirani yao alikuwa anaziba masikio kwa viganja kama mtoto anayeogopa radi.

Lori la upande wao lilipangiwa siku moja kabla ya gulio. Siku moja, jamani. Deo akaongea na mama yake, akamwambia ukweli wote, kwamba Fidelis anakuja, kwamba atatangulia Mwanza na kuwafuata baadaye na kitu mkononi, na Mama Deo akamjibu, "Ego, nenda," ndiyo, nenda, akampakulia chakula. Tukampitisha porini akaja kwa Mama Kulwa, tukamfungia kwenye chumba cha nyuma, kreti mlangoni. Siku ya lori ilianza vizuri. Alikuwa ametulia, anasikiliza biti moja kwa sauti ya chini na kurekebisha kitu kidogo ambacho mimi hata sikukisikia. Ilipofika kama saa nne nikasikia mtu anagonga duka kwa kiganja. Consolata, jasho, mtoto mgongoni, amepandishwa baiskeli na mtu hata hamjui. Nikamwingiza nyuma. Akazungumza na kaka yake, kwa Kirundi, haraka, lakini nilielewa yote. "Mama amekaa chini mbele ya rori. Wenzake wote wamekwisha panda. Wamemwinua, amekaa tena. Anasema hapandi mpaka Deo aje. Askari wanaanza kumvuta mikono."

Nilimwambia Deo asiende. Sijutii, ningemwambia tena leo. Nilimshika shati, nikamwambia watampandisha tu, mama yako ni mtu mzima, atapanda, kesho Fidelis yuko hapa, ukienda umekwisha. Alikuwa anakubali kwa kichwa kila nilichosema. Huku anakubali akaihifadhi ile biti, akaizima kompyuta vizuri kama alivyonifundisha, akaifunika kwa kitambaa chake. Akaondoa kreti mlangoni. Dukani walikuwepo watu wengi, wa siku moja kabla ya gulio, wachuuzi, wale wanaume wa soda, wamama wa ndizi barazani. Deo akasimama katikati yao akasema, kwa sauti ya kutosha, na Kirundi chote kikiwa wazi ndani ya Kiswahili chake, "Mama Kulwa, asante kwa uji." Mama Kulwa alikuwa amebeba kreti tupu, akaiachia ikaanguka. "Bubu anasema!" mtu akapiga kelele, na mwingine akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni Mrundi." Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemkamata. Mama mmoja wa ndizi akamvunjia vichane viwili akamtia mkononi. Akapanda ile baiskeli nyuma, Consolata akapata nyingine, wakaondoka. Hiyo ndiyo siku pekee Nyakahura ilisikia sauti yake, na ilikuwa maneno matano.

Fidelis alikuja kesho yake kama alivyoahidi, gari linang'aa. "Bubu yuko wapi?" Nikamweleza. Akapiga mluzi, akasema pole, akasema kweli ni bahati mbaya, kisha akatazama saa. Peke yangu hakunitaka na wala sikumlaumu, maana nilijaribu mwenyewe baadaye, miezi mingi, nikakaa mbele ya mashine ile na masikio yangu na vidole vyangu, na kila nilichotengeneza kilikuwa ni besi inayomsubiri mtu. Deo alinipigia mara chache kutoka Burundi, upande wa Muyinga, simu za kuazima. Shamba la baba yake walilikuta lina watu, wamejenga, wamezaa humo. Wakapewa kipande cha mtelemko. Alifyatua matofali. Nilimwuliza kama anapiga muziki akasema, "Na nini, Editha?" Halafu zile namba zikawa hazipatikani, nikaolewa, nikahamia Biharamulo, nikafungua duka la fotokopi. Kompyuta Mama Kulwa alinipa siku ya harusi yangu, imekufa kioo, ikakaa juu ya kabati miaka yote hii ikishika vumbi.

Jioni ile baada ya simu ya Consolata nilimwita fundi akaniwashia. Nikavaa spika za masikioni, nikafungua kila faili, moja baada ya nyingine. Nilikuwa natafuta pumzi. Nilikuwa natafuta hata kiti kikilia chini yake. Alikuwa amesafisha, jamani, amesafisha kila kitu. Ngoma zinaanza palepale zinapotakiwa na kuishia palepale. Kwenye kinu nilisikiliza mwanzo, nikarudia, nikarudia, pale ambapo ilikuwepo "Mama, tena," na hapakuwa na kitu, mchi unashuka tu, na waya unalia nyuma yake. Mume wangu akaja akanizimia taa ya dukani. Nikamtumia Consolata ile biti kwenye simu. Nikamwandikia sina sauti yake, lakini hii ni kazi ya mikono yake na kinu ni cha Mama, pengine atakitambua.

Alinipigia asubuhi. "Umemsikilizisha?" nikamwuliza. "Nimemsikilizisha." Nikasubiri. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anaburuta kitu kwenye sakafu ya udongo. "Amekitambua?"

"Amekitambua, Editha. Ameinuka, akaingia ndani, amekunja mkeka, amefunga sufuria kwenye kitenge. Sasa amekaa mlangoni na mzigo wake. Tunamwambia Mama, tuko nyumbani, tulikwisha rudi zamani, hakuna rori. Anasema hapandi mpaka Deo aje."